Kondoo wa Mzee Shija: Kutafuta Kaseti ya Gemu Kutoka Shinyanga Hadi Machimboni

Nilisafiri kwa sababu ya kondoo ambao hawapo. Nitaeleza taratibu, maana najua baadhi yenu mliniona nikipanda basi na mfuko mtupu mkadhani nimekwenda kuchimba dhahabu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwa Bhai Gulam, muuza cherehani wa Shinyanga mjini. Mtu akinunua cherehani, mimi ndiye niliyemfuata nyumbani kumfundisha kuiendesha. Nilimpenda Kabula, binti wa Mzee Shija wa upande wa Kolandoto, na Kabula naye alinipenda. Kilichobaki kilikuwa mahari. Mahari yetu, kama mjuavyo, ni ng'ombe, na ng'ombe huzungumzwa na wazee.

Mzee Shija hakutaka kuzungumza. Familia moja ya wafanyabiashara, ilipokuwa inahamia Dar es Salaam, ilimuuzia televisheni ndogo ya betri pamoja na mashine ya gemu ya mtindo wa zamani, ile ya kuchomeka kaseti juu. Kaseti ilikuwa moja tu. Ndani yake mchungaji anavusha kundi la kondoo kwenye mto wenye mamba. Vijana waliicheza kidogo wakaichoka. Mzee Shija, aliyechunga mifugo tangu utotoni, aliichukua kama kazi. Kila kondoo alimpa jina. Wote walikuwa wanavuka, isipokuwa yule wa mwisho, aliyemwita Mchelewa. Huyo alikuwa analiwa kila siku.

Jioni moja mzee akaibeba kaseti hadi zizini awaonyeshe majirani mahali kondoo wanapolala. Ikamponyoka, na ng'ombe akaikanyaga. Kwa bahati mbaya ng'ombe huyo alikuwa wa mahari, aliyeletwa na mume wa dada yake Kabula.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa mshenga wangu, alipokwenda kufungua mazungumzo, alijibiwa hivi:

"Ng'ombe wa mkwe wa kwanza ndiye aliyeivunja. Basi mkwe wa pili atailipa. Mnataka nihesabu ng'ombe wenu, na kondoo wangu nimewaacha katikati ya mto?"

Baba mdogo alitafuta kosa katika hoja hiyo, hakuliona. Akarudi kwangu akaniambia, "Kijana, tafuta kondoo. Na ufanye haraka. Kuna mfanyabiashara wa mchele wa Kahama ambaye salamu zake kwa yule mzee zinaanza kunukia posa."

Shinyanga, asubuhi. Nilianza na maduka ya karibu. Kila muuzaji alinionyesha gemu mpya za sahani, zile zinazong'aa kama kioo, akanishangaa nilipouliza za zamani. Bhai Gulam mwenyewe alinionea huruma.

"Za kuchomeka hakuna anayeagiza tena," alisema. "Nenda Kahama. Kitu tulichokichoka sisi huku, Kahama kinaanza kuuzwa."

Kahama, mchana. Mji ule ulikuwa unakua huku unautazama. Upande huu magunia ya mchele, upande ule madalali wa ng'ombe wakibishana kwa fimbo, na kati yao maduka mapya yenye rangi ambayo haijakauka. Niliingia la kwanza lenye redio mlangoni. Mwenyewe alikuwa Mama Rehema, mama wa Kitanga aliyehamia kufuata biashara.

"Shikamoo, mama. Natafuta kaseti za gemu, za mtindo wa zamani."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nilikuwa na kapu zima, watu wa machimbo wamezibeba zote."

"Kumbe wachimbaji wanacheza hivyo?"

"Wacheze wapi! Hata hawakuuliza ni gemu gani. Walizipima kwenye mzani wangu wa mchele wakalipa kwa kilo."

Nilidhani ananitania. Duka la pili wakanieleza hivyohivyo. La tatu walikuwa wamebaki na maboksi matupu, wanayauza kwa mafundi nguo ya kuhifadhia vifungo. Nikarudi kwa Mama Rehema, naye akacheka mpaka akaketi.

Ilikuwa hivi. Ukiigeuza kaseti ya gemu ukaitazama chini, utaona safu ya meno madogo yanayogusana na mashine. Meno hayo yana rangi ya dhahabu. Watu wengine wangeyaona wakasema, rangi nzuri. Lakini watu wanaoamka wakiwaza dhahabu na kulala wakiwaza dhahabu, waliyaona wakakimbilia mzani.

"Na ya kondoo, mama? Uliiona?"

"Yenye picha ya kondoo? Hiyo nayo walibeba. Tena walisema ni nzito kuliko wenzake, lazima ina mali. Nenda Isengwa, machimbo ya upande wa Geita, muulize Deo, dalali wa dhahabu. Nenda upesi, wanazisaga."

Njiani kwenda Geita. Basi lilipita Ushirombo likiburuta vumbi jekundu lililotufanya abiria wote tuwe ndugu wa rangi moja. Jirani yangu, mchimbaji wa makamo, aliniuliza ninakwenda duara gani. Duara ni shimo la kuchimbia, na mtu wa huko huulizwa duara lake kama sisi tunavyoulizwa ukoo. Nikamwambia natafuta kaseti. Akanisogelea, akapunguza sauti.

"Umesikia mwamba wake umefika wapi?"

"Hauna mwamba, kaka. Zinatengenezwa kiwandani."

"Basi tatizo ni kujua kiwanda kimekaa juu ya mwamba gani," alisema.

Isengwa, alasiri. Machimbo yale yalikuwa kilima kilichotobolewa kama chekecheo. Mahema ya maturubai, moshi wa mama ntilie, na katikati mngurumo wa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe. Banda la Deo lilikuwa na mzani mdogo ndani ya sanduku la kioo, na mlangoni kibao kimeandikwa kwa chaki: TUNANUNUA DHAHABU NA KASETI.

Deo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile. Niliposema kondoo, aliingiza mkono chini ya meza akaitoa. Ilikuwa ya gemu ileile, na picha ya mchungaji wake juani, na mto wake wa buluu. Niliinyooshea mkono.

"Ya mwisho hii," alisema. "Nyingine zimeshasagwa. Ilikuwa inasubiri zamu."

"Na mlipata nini kwenye zile nyingine?"

"Vumbi jeusi. Linanuka vibaya, lakini tunaendelea."

Nikamweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mtu anayeiogopa sindano ya cherehani. Nilimwambia ile ni rangi tu, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na kilichobaki ni plastiki. Deo alinisikiliza vizuri sana.

"Fundi," alisema, "hata mwamba ukiutazama kwa nje ni jiwe tu. Wanaoukatia tamaa ndio wanaokufa maskini. Ukiitaka, lete dhahabu yenye uzito wa kaseti hii, tubadilishane."

Wachimbaji waliokuwa mlangoni wakaitikia kwamba hiyo ni bei ya haki. Mmoja akanishauri nichukue duara na nianze leo, huenda nikapata uzito huo kabla ya uzee.

Niliona kwamba maneno hayatanisaidia. Kazini kwangu nilijifunza kuwa mtu haelewi cherehani mpaka kitambaa kipite. Nikamwomba Deo jambo moja: kabla ya kuisaga, aone kwanza kaseti inafanya nini. Akakubali, kwa kuwa karasha lilikuwa limekwama kwa sababu ya kaseti zilezile.

Banda la video la Mama Neema. Mama huyu alikuwa na jenereta, televisheni, na mashine ya gemu ya zamani ambayo aliigeuza kiti cha birika, maana kaseti zake zote alimuuzia Deo. Tuliondoa birika, tukapuliza majani ya chai, nikachomeka. Kondoo wakatokea, weupe, wakila majani kando ya mto. Banda zima likasogea mbele.

Nikaanza kufundisha. Hapa pa kwenda kushoto, hapa kulia, kitufe hiki cha kumwita kondoo anayezubaa. Nilimpa pedi ya kuchezea mchimbaji wa kwanza, kijana mwenye mikono kama makoleo, akampoteza kondoo mara moja.

"Wee! Umemlisha mamba!"

"Huyo hakuchunga kwao, huyo alikuwa mtoto wa duka!"

"Nipe mimi, ngosha, nipe mimi! Kondoo haendi kwa kusukumwa, anatangulizwa!"

Nikasimama nyuma yao nikiwatia moyo. Nikamwambia kila mmoja kwamba ameanza vizuri, na kwamba kidole gumba kitazoea. Nilikuwa na furaha ya mwalimu, ile inayomfanya mtu asahau kilichomleta. Ghafla wakaja watu wa maduara ya mbali. Karasha lilikwamuliwa, hakuna aliyekwenda. Mtu mzima mmoja alilia kabisa alipomvusha kondoo wa nne, akasema amemkumbuka babu yake.

Deo alikuja kujipenyeza mbele, akacheza, akaliwa, akacheza tena. Alipoinuka alinishika bega akanishukuru.

"Fundi, wabeja sana. Umetufungua macho. Haiuzwi."

"Lakini Deo, si ulisema bei..."

"Bei ilikuwa ya dhahabu. Dhahabu huisha. Kondoo hawa ukiwazima na kuwasha, wapo tena."

Akatoka akafuta neno KASETI kwenye kibao chake. Nikawaeleza, mbele ya wote, habari za Kabula, za mzee na za ng'ombe aliyekanyaga. Walisikitika kweli. Wengine walinunua soda wakanipa. Lakini kaseti hawakunipa.

"Mlete huyo mkweo," alisema Mama Neema. "Zamu yake tutamwekea."

Kurudi. Njia nzima nilitunga namna ya kusema. Kolandoto nilimkuta Kabula kisimani, nikamweleza yote, na mwishoni nikamwambia, "Kwa hiyo nimeifikia, nimeishika, nikawafundisha watu kuicheza, nikaiacha."

Kabula alitua ndoo. "Yaani uliwaelewesha mpaka wakakunyang'anya."

"Ndiyo."

"Ungewaelewesha vibaya kidogo, sasa hivi tungekuwa tunahesabu ng'ombe." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Jana yule wa mchele alileta kanga kwa mama. Twende ndani."

Akaingia kwa baba yake, akapiga magoti kusalimia, akauliza swali moja. "Baba, unachotaka ni kaseti iwe kwako, au ni kondoo wavuke?"

Mzee Shija alifikiri sana. "Wavuke," alisema.

"Wako Isengwa. Basi linaondoka asubuhi."

Isengwa mara ya pili. Tulikwenda mzee, Kabula na shangazi yake, mimi, na baba mdogo, ambaye alisema popote mkwe alipo ndipo mahari ilipo. Mzee Shija alipoingia bandani wachimbaji walisimama wote wakamwamkia, wakampisha benchi la mbele. Alishika pedi.

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona uchungaji kama ule. Alikuwa anawaita kwa majina, na walikuwa wanakuja. Wachimbaji walikuwa wanaguna tu. Baba mdogo, aliyejua wakati mzuri anapouona, akamwegemea mzee sikioni akaanza kutaja ng'ombe: majike kadhaa, madume machache, idadi ya heshima ambayo familia yetu ingeiweza.

"Ehee," alisema Mzee Shija, akitikisa kichwa taratibu, jicho kwenye mto.

"Na waje baada ya mavuno ya pamba."

"Ehee, ehee. Vizuri."

Kwa watu wa dhahabu, mzani ukitulia mbele ya mashahidi, bei haifunguliwi tena. Deo, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akapaza sauti: "Mzani umetulia!" Banda zima likapiga makofi.

Mzee akashtuka akageuka. Mamba akamla Mchelewa.

"Nimekubali nini?" aliuliza.

Mzee akikataa pale, hakuna basi ambalo lingenirudishia maneno yale. Kabula akasogea mbele.

"Umeniozesha, Baba. Kwake huyu."

Mzee aliwatazama wachimbaji, mmoja baada ya mwingine, nyuso zao zilizojaa vumbi. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya wote."

"Basi nimekubali," alisema. "Mtu hana midomo miwili. Wa mchele mrudishieni kanga zake." Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Mkwe, hebu kaa hapa. Wewe si ndiye unayefundisha? Niambie huyu wa mwisho ninamkosea wapi."

Nikakaa. Nikamwambia kwamba hamkosei popote, isipokuwa anamwita mapema mno, kabla hajamaliza kula. Tukajaribu pamoja, mkono wake na sauti yangu. Mara ya kwanza aliliwa. Mara ya pili aliliwa. Kabula alikuwa amekwisha kutuagizia chai.

Nilichojifunza ni hiki, nawaambieni mnaotaka kwenda kutafuta vitu vya zamani katika nchi ile. Msitafute dukani peke yake, maana duka la kitu chako laweza kuwa banda la mtu anayedhani anauza kitu kingine. Mkikipata, mmweleweshe mwenyewe bila kumficha, hata kama mnajua mtakikosa. Na mkikuta tayari kinapendwa, msikivute. Nendeni mkawalete watu wenu, mkae nao kwenye benchi, msubiri zamu.