Muuza Harawa wa Maradi

Muuza harawa hana mizani. Huinua fungu la majani makavu ya kunde, chakula cha mifugo, akalinusa kama mtu anayenusa mchuzi jikoni, kisha hulikung'uta mara mbili ndipo alitoe. Viganja vyake vimekakamaa, ila sauti yake nyembamba husikika soko zima la mji wa Maradi. Asubuhi moja alikuwa akibishana na mwalimu mmoja, mteja wake, kuhusu asili ya neno harawa, mfugaji mmoja mwanamke, Delu, alipofika akimvuta kondoo aliyezaa mapacha.

"Baba, siku ya tatu hali kitu. Maziwa yamekauka, wanawe watakufa!"

"Tuseme limetoka kwa Waarabu," mwalimu aliendelea.

"Lilikotoka sijui, Mwalimu. Ninachojua ni maana yake." Akachuchumaa, akafikicha majani kiganjani mpaka yakanukia, akamsogelea kondoo sikioni. "Harawa, mama. Harawa."

Kondoo akanusa. Akageuza uso. Delu akafumba macho. Alipoyafumbua, kondoo alikuwa akitafuna, mashavu yamejaa, na Delu akapiga kigelegele hadi wauza vitunguu wakaitikia.

"Maana ndiyo hiyo," muuza harawa akacheka, kiganja bado kikilambwa. "Kaandike, Mwalimu!"