Meza ya Shimo la Saba

Kiwanja cha gofu cha Bukavu nilikijua kwanza kikiwa malisho. Wazungu walikuwa wakicheza, ndiyo, lakini wakata nyasi walikuwa ng'ombe. Asubuhi wachungaji waliwapitisha kwenye mteremko unaoelekea ziwani, wakala wakashiba wakaondoka, na alasiri Wazungu wakaja na fimbo zao kupiga mipira katikati ya mavi mabichi. Walikuwa na sheria kwamba mpira ukiangukia kwenye mavi, mchezaji anaruhusiwa kuutoa kwa mkono bila adhabu. Kapita wetu, mzee aliyetusimamia sisi wafanyakazi, alisema hiyo ndiyo sheria pekee ya Wazungu aliyoielewa siku ile ile alipoelezwa.

Kwa asiyewahi kuona mchezo huo: mtu anapiga mpira mdogo kutoka mbali, anaufuata, anaupiga tena, mpaka aufikishe mahali palipo sawasawa, penye bendera na kishimo kidogo. Mahali hapo sisi tulipaita meza, kwa sababu panatakiwa kulala kama meza. Siku zile za kwanza meza haikuwa na jani hata moja. Ilikuwa duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya motokari, jeusi, lenye kunuka jua likiwaka. Kazi yangu ilikuwa kulisawazisha kwa ubao kila wachezaji wakishapita. Jumapili nilikwenda Misa nikiwa nimejisugua kwa sabuni na majivu, na bado watu waliokaa benchi moja nami walijua ninafanya kazi wapi.

Kisha kiwanja kikaanza kubadilika, kidogo kidogo. Ng'ombe waliondolewa, ikaja mashine. Mikaratusi ilipandwa kati ya njia moja na nyingine ili mipira isivuke na kupiga watu. Shimo la kwanza, yaani njia nzima na meza yake, lilisogezwa kwa sababu ya barabara, na lile la karibu na kinamasi likarefushwa baada ya maji kutolewa kwa mifereji. Sikuchoka kuyatazama mabadiliko hayo. Mungu alinipa moyo wa kupenda kitu kinachotengenezwa polepole, na namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Hatimaye akaja Bwana mpya wa kiwanja, Mzungu mrefu aliyetembea na kamba ya kupimia shingoni kama skafu. Huyo akasema mchanga mweusi uondolewe, meza zote zipandwe majani laini, na tuanze na shimo la saba. Akaongeza neno moja lililonikosesha usingizi: atakayeiandaa meza ya saba mpaka ipandwe na yeye aikubali, atapewa nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi.

Nyumba hiyo niliihitaji kuliko mtu yeyote pale. Nilikuwa nimechumbia binti wa kijiji cha Mumosho. Mbuzi walikuwa wamefika kwao, ng'ombe alikuwa amefika, padri alikuwa ametufundisha na kuridhika. Kilichobaki ni neno la baba yake, aliyesema mbele ya wazee wote, "Mutoto wangu hatalala mu chumba moja na vijana wane kule Kadutu. Apate nyumba kwanza." Alikuwa na haki. Chumba chetu cha mtaa wa Kadutu kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja akitaka kugeuka usiku, aliwaamsha wenzake wageuke pamoja. Kapita akanisemea kwa Bwana, akasema mimi ninawahi kazini na sinywi kabla ya saa sita. Meza ya saba ikawa mikononi mwangu.

Wanawake wa kupanda majani waliletwa kutoka Mumosho. Waliposhuka kwenye kamio, lile lori letu la mizigo, na majembe yao na vikapu, nilimwona mchumba wangu, moyo ukaruka kwa furaha. Nyuma yake alishuka mama yake. Nikajikuta nimesimama nyuma ya rulo, lile gurudumu kubwa la chuma la kushindilia udongo.

Kwetu wakati ule kijana hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakusema naye ana kwa ana, hakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia majanini mpaka mama apite. Hiyo ilikuwa heshima, na mimi niliishika kwa moyo wote. Lakini hakuna aliyenifundisha jinsi ya kumsimamia kazini mtu ambaye unatakiwa kumkimbia.

"Papa," nilimwambia kapita kwa sauti ya chini, "utawaambia wewe."

Kapita akaenda kwa wale wanawake, akainua kifungu cha majani yaliyoletwa kutoka bustani ya miche, akasema, "Bamama, mupande hii. Kila mutu safu yake. Na mupande muzuri!" Kisha akaenda kutazama mapipa ya maji. Mimi nikapanda kamio kwenda kuleta magunia mengine ya majani.

Sasa mtu ajue majani hayo yalikuwaje. Hayakuwa na mbegu. Yalikuwa vikonyo virefu vyenye vifundo, na kila kifundo hutoa mizizi kikiguswa na udongo. Mwanamke wa Mumosho akipewa kikonyo cha namna hiyo, anajua tangu utoto la kufanya, kwa sababu marando ya viazi vitamu ni hivyo hivyo. Anainua tuta, analizungusha vizuri kwa jembe, anachomeka.

Niliporudi, nusu ya meza ya saba ilikuwa matuta. Na yalikuwa matuta mazuri, ole wangu! Yamenyooka, yamekaa kwa mistari, marefu kufika karibu na goti, shamba la mtu anayejiheshimu. Katikati kulikuwa na tuta kubwa kuliko yote, na juu yake mama mkwe wangu ameinama, anaimba.

"Papa, hii nini?" nilimuuliza kapita.

"Iko muzuri, hapana?"

"Meza, papa! Meza inatakiwa kulala! Mupira itapita wapi?"

Kapita akatazama, akakuna kichwa. "Mimi nilisema bapande muzuri. Na banapanda muzuri."

"Uwaambie babomoe."

"Mimi? Ile kubwa ya katikati iko ya mama mukwe wako. Uende wewe."

"Unajua siwezi kusema naye."

"Basi," akasema kapita, "tutakula viazi."

Lakini alikuwa mtu mwema, akaenda. Nilimwona akiinama, akipiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa, akisema kwa urefu. Mama mkwe hakuinua hata kichwa. Akajibu kwa sauti iliyofika kwangu nyuma ya rulo, na bila shaka ilifika ziwani.

"Umwambie ule alikutuma, mimi nililima mbele yeye hajazaliwa! Ukipanda hii chini kwa chini, mvua ya Bukavu itaiozesha yote. Ao anataka tuje hapa mara ya pili?"

Wanawake wakacheka. Mchumba wangu akaficha uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Mgeni angedhani analia, lakini nilikuwa nimeanza kumfahamu vya kutosha kujua kwamba anacheka.

Kengele ya saa sita ikalia upande wa misheni. Tukasimama wote, wanawake wakaweka majembe chini, tukasali sala ya Malaika wa Bwana. Niliisali yote, lakini nakiri nilikuwa na jicho moja kwenye matuta. Tulipomaliza na kufanya ishara ya msalaba, Bwana wa kiwanja alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi kwa heshima ya sala, kamba shingoni, mdomo wazi.

"Nani nafanya hii?" akauliza.

Niliona macho ya kapita yakitafuta mahali pa kutua. Niliona pia kwamba nikinyoosha kidole kuelekea lile tuta kubwa, nyumba inaweza kubaki yangu, ila sitakuwa na mke wa kumwingiza ndani yake. Nikatoka nyuma ya rulo.

"Iko mimi, Bwana. Meza iko yangu."

"Wewe nataka mimi nacheza gofu, ao nakula viazi?" Uso wake ulikuwa mwekundu. Akazunguka matuta yote, akavuka moja, akakwama kwenye la pili. "Jumamosi mimi narudi na kamba na mupira. Meza nalala, nyumba iko yako. Meza hapana lala, nyumba napatia mutu mwingine." Akaondoka, akiruka matuta kwa miguu yake mirefu.

Hapo mama mkwe wangu akasimama wima, akanigeuzia mgongo kama inavyotakiwa, akainua jembe lake mbele ya uso wake.

"Jembe yangu," akaliambia, "umesikia? Kumbe kuna nyumba ndani ya hii maneno! Na hakuna mutu aliyetuambia. Vijana ya siku hizi inaficha maneno kama vile kuku inaficha mayai."

Wote wakanitazama. Sikuwa na jembe. Nikaweka mkono juu ya chuma.

"Rulo yangu," nikasema, "wewe unajua. Ungeambia wakubwa namna gani? Uliogopa."

"Jembe, uliza ile chuma, hii udongo yote tutaipeleka wapi?"

"Rulo, sema nyuma. Kule mwisho, kwenye mteremko."

"Jembe, iambie ile chuma isimame kando, isitukanyage miguu."

Kapita aliketi chini kati yetu, machozi ya kicheko yakimshuka. "Na mimi niko hapa!" akapiga kelele. "Munaweza kusema na mimi pia, niko na masikio!"

Sijawahi kuona kazi kama ile. Mama mkwe wangu alianza kubomoa tuta lake mwenyewe, la kwanza kabisa, na baada ya hapo hakuna aliyelalamika. Wengine walibomoa, wengine walibeba udongo kwa vikapu kwenda nyuma, na mchumba wangu aliongoza wimbo wa kanisani ambao waliuharakisha mpaka ukawa wa kucheza. Mimi na kapita tulivuta rulo kwenda na kurudi. Siku zilizofuata walipanda upya, chini kwa chini, na kumwagilia kwa makopo yenye matundu. Udongo wa nyuma ulizidi kupanda, ukawa kama mgongo mrefu uliojikunja kuizunguka meza. Nilidhani tutauondoa baadaye. Lakini wanawake wale hawakuweza kuvumilia kuona udongo mtupu huku vikonyo vimebaki kwenye magunia. Wakaushindilia kwa miguu wakiimba, wakaupanda nao, na sikuwa na njia ya kuwakataza, kwa kuwa aliyekuwa juu yake kabisa alikuwa mama mkwe wangu.

Jumamosi Bwana akaja. Akatandika kamba huku, akaitandika kule, akalala kifudifudi na shavu chini kutazama. Meza ililala. Akafika kwenye ule mgongo, akasimama.

"Hii nini?"

"Udongo wa viazi, Bwana," akasema kapita kabla sijafungua mdomo.

Bwana hakucheka. Alichukua fimbo yake, akaenda mbali, akapiga mpira. Aliupiga kwa nguvu kuliko alivyotaka. Ukaruka bendera, ukavuka meza yote, nikaanza kusali. Ukagonga ule mgongo, ukapanda juu kidogo, ukasita, kisha ukashuka taratibu, ukarudi mezani, ukasimama karibu na kishimo kama mbuzi aliyejua njia ya nyumbani.

Bwana akapiga mwingine. Ukarudi. Akapiga wa tatu upande wa kushoto, ukazunguka na mkunjo wa mgongo ukarudi pia. Akaanza kukimbia kati ya mipira na meza kama mtoto aliyefunguliwa shule, akitupa kofia, akisema Kifaransa peke yake. Alikuwa amekusudia kuchimba mahali pale shimo la mchanga la kunasia mipira, na hakulichimba. Miaka iliyofuata meza nyingine zilipopandwa, kila moja ilipewa mgongo wake nyuma, na wageni kutoka Usumbura walipouliza wazo hilo limetoka wapi, aliwaambia lilimjia akiwa anaoga. Sikumwonea kinyongo hata kidogo. Namuombea mpaka leo.

Siku ile alinishika bega. "Meza nalala," akasema. "Nyumba iko yako. Leo, kesho, unaingia."

Nilipiga magoti pale pale kwenye udongo uliolowa, nikamshukuru Mungu na Mama Maria, na suruali yangu ya pekee ya kazi ikachafuka isivyoelezeka. Nyuma yangu wanawake walipiga vigelegele. Sikuthubutu kugeuka, kwa kuwa nilijua nani amesimama hapo. Nilisikia tu akiokota kikapu chake, akikikung'uta udongo, na kukiambia kwa sauti ya mtu mwenye haraka:

"Kikapu yangu, twende nyumbani. Tuko na ndizi ya kufukia."

Ndizi za pombe sisi tulizifukia shimoni ziive, na zikishaiva lazima zikamuliwe, na pombe ikishakuwa tayari lazima pawe na arusi ya kuinywea. Mchumba wangu alielewa kabla yangu. Alinipita mbio akimfuata mama yake kwenye kamio, na alipokuwa karibu nami akasema bila kusimama, "Utafute meza ya kulia chakula sasa, hii ya Wazungu imetosha!"

Kapita akanisaidia kuinuka. Tukavuta rulo mpaka bandani, wawili, tukicheka, na sikuuhisi uzito wake.