Mbweu za Mtoto Mwenye Njaa

Nilipokuwa bado msichana wa kutumwa maji, kwetu Mnyambe mtu aliyepiga mbweu kabla hajala alikuwa na kesi ya kujibu. Kama hukula nyumbani, walisema, basi umekula kwingine, usiku, na wale wasiotajwa. Na chakula cha huko kila mtu alikijua: nyama ya watu.

Mimi nilikuwa nazipiga. Asubuhi, tumbo tupu, kifua kinawaka kama nimemeza kaa la moto. Nilizimeza, nikazikoholea, nikaziimbia. Mbweu haina adabu.

Mwaka wa kuingia unyago na wenzangu, kungwi mkuu alinisikia. "Huyu haingii," alimwambia mama. "Atawalisha wenzake. Kwanza atapike."

Wakanikalisha uani mbele ya akina mama, wakaninywesha maji ya mizizi. Nikatapika. Kikatoka kipande cheusi, kungwi akakigeuza kwa kijiti. "Mnaona?"

Ulikuwa uyoga. Tuliula jana yake nyumba nzima, bakuli moja. Nikasema, "Uyoga huo."

Mwanamke mmoja akacheka. "Hata mchawi anajua majina ya mboga."

Nikamtazama mama aseme neno. Mama akatazama chini.

Wenzangu wakaingia, mimi nikasikiliza ngoma zao nikiwa natwanga muhogo. Niliingia msimu uliofuata na watoto walionifika kwapani, nikaitwa Mla Usiku mpaka nikaolewa, na hata baada ya hapo.

Msimu huu wa korosho mjukuu wangu Somoe, anayeishi nami, alianza kuacha chakula. Ni msichana mkubwa, mdomo kaurithi kwangu.

"Mke mwenzangu, una mimba?" nikamuuliza.

"Labda ya kwako, bibi."

Lakini akakonda, na siku moja akatapika vitu vyeusi kama unga wa kahawa. Jirani akaninong'oneza kwamba mtoto kalishwa, nimtafutie mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu nimeshampata, anavaa koti jeupe, na yeye afunge mdomo inzi wasiingie.

Daktari alikuwa kijana wa bara, akanipa shikamoo yangu kwanza. Akaeleza kwamba msichana wa umri huu akiwa na kiungulia tu, hupimwa choo, akapewa dawa, yakaisha. Lakini ule weusi ni damu, na kukonda huku si kwa kawaida. Lazima wapitishe mpira mwembamba wenye kamera kooni, waone tumbo lenyewe.

Somoe akakaa na njaa usiku mzima, asubuhi wakampulizia ganzi kooni. Nilikuwa nje ya mlango nikimsikia akijikakamua kutapika. Humo ndani hakucheka mtu.

Baadaye daktari akatuonyesha picha: kidonda, chekundu kama kinywa cha kifaranga. Akasema wamekata kinyama kidogo wakapima, wakakuta bakteria. "Wadudu hawa mara nyingi humwingia mtu akiwa mdogo, nyumbani, kutoka kwa mtu wa jamaa yake. Wanaweza kukaa tumboni miaka mingi, na wengi wala hawajisikii kitu. Na wewe bibi, kiungulia unacho?"

"Sina," nikasema. Mbweu ikanitoka palepale, mkono ukaenda mdomoni kabla sijauamuru. Kijana wa watu akajifanya anatafuta kalamu.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu enzi zile, nyuma ya jiko, akikoroga majivu kwenye maji na kunywa, akisema anasafisha koo. Alikuwa na moto uleule. Siku ile uani maneno mawili yangenitosha: hata mimi. Hakuyasema, akaogopa kijiti. Nimemlaumu mpaka kaburini kwake. Sasa mimi nimeulizwa kwa upole, hakuna kijiti, hakuna kungwi, wote wameshaoza, na bado nikakana mbele ya mtoto anayeumwa.

Tukakaa kwenye benchi tukisubiri dawa. Nikamwambia, "Somoe, moto huo hata mimi ninao. Tangu mdogo."

"Najua, bibi. Si tunalala chumba kimoja?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenitukana."

Kweli ningemtukana. Nikainuka, nikarudi kubisha mlango wa daktari. Nilikuwa na aibu nilipoinuka, na nilipofunguliwa nilikuwa nayo bado. Nikaingia nayo hivyohivyo.