Hatifungani Iliyokula Mahari ya Shija

Siku ya kwanza kazini nilipewa ngazi. Mkurugenzi, Bwana Dismas, alinionyesha dishi juu ya paa la ofisi yetu mjini Mwanza akasema, "Luhende, hili ndilo tumbo la kampuni. Likiugua, wote tunalala njaa." Nilikuwa na darasa la saba tu. Kazi yangu ilikuwa kuvuta nyaya na kufunga modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Intaneti ndiyo kwanza inaingia, na biashara huria ilikuwa imefungulia kila mtu mlango, wezi nao wakiwemo.

Wateja wetu walikuwa viwanda vya minofu ya sangara na mapadre wachache. Hawakutosha. Kodi ya setelaiti ilimeza kila tulichopata, na mishahara ikaanza kuja vipande vipande. Benki zilitukataa. Ndipo Mhasibu Mkuu, Bwana Evodi, akaleta hatifungani inayogeuka hisa. Hatifungani ni mkopo: unaipa kampuni fedha, inakulipa riba, na hati ikiiva, yaani muda wake ukiisha, unarudishiwa zako. Lakini hii ingeweza kugeuzwa. Badala ya fedha unapewa hisa, sehemu ya umiliki. Kampuni ikinenepa, nawe unanenepa. Hilo alilisema sana.

Nikahamishiwa tawi letu la Nyegezi, na kutoka huko nikawa namwendesha Evodi kwa gari la kampuni hadi Buswelu kwa wafugaji. Sisi Wasukuma tuna desturi: mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake baadhi awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na siku akiwataka anawachukua. Evodi ni Msukuma. Alijua pa kupiga.

"Wazee, kampuni ni mtunzaji tu," aliwaambia. "Tena hapa maziwa mnakunywa ninyi. Ndiyo riba hiyo."

Mjomba wangu Masanja akacheka. "Na akizaa?"

"Ndama ndiyo hisa, mzee."

"Nikimtaka ng'ombe wangu?"

"Wako huyo! Nani akukatalie?"

Mjomba akauza ng'ombe aliowaweka kwa mahari ya mwanawe Shija. Ambacho Evodi hakusema ni kwamba uamuzi wa kugeuza ulikuwa wa kampuni, si wa mkopeshaji. Kipengele hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, ndani kabisa ya hati.

Hati ilipoiva, mjomba alikuja ofisi ya mjini kavaa koti. Nilikuwa nimeitwa pale kutengeneza laini.

"Nimefuata ng'ombe wangu," akasema.

Mkurugenzi akasimama, akamshika mkono. "Hongera, mzee! Tumekugeuza. Sasa wewe ni mwenye kampuni."

"Mwenye?"

"Kabisa."

"Basi nipeni hilo dude la mezani nikaliuze."

"Kompyuta ni za kukodi, mzee."

"Na lile la juu ya paa?"

"La kukodi pia."

"Sasa mimi ni mwenye wa nini? Wa hasara?"

Evodi akajifanya anatafuta kalamu. Mjomba akanigeukia. "Mwipwa, ulijua?"

Nikamwambia sikujua. Ndiyo kweli yenyewe. Hakuniamini.

Miezi michache baadaye kampuni ilifungwa, nami nikaenda nyumbani bila kiinua mgongo. Mchumba wa Shija akaolewa na mwingine. Mama yangu alipofariki, mjomba alikuja msibani kwa dada yake, akanipa mkono huku anatazama pembeni.

Siku hizi nauza vifaa vya umeme Mkolani, na vijana huniambia biashara ina bahati na balaa. Nawakatalia. Hasara humpata yeyote. Wale mabosi wangu walijua mtandao wao haupati faida, wakatafuta watu wasioweza kusoma hati ili wawatwishe. Mkiletewa karatasi ya namna hiyo, ulizeni kwanza nani ameshika haki ya kugeuza.

Dismas na Evodi ni wakubwa kwangu kwa umri. Nikikutana nao njiani, shikamoo yangu hawaipati.