Kisima Nyuma ya Kanisa

Mwaka wangu wa pili wa kuuguza wazee, nilikuwa nikishinda kwa bibi mmoja wa Kiskoti pale Oxon Hill, ugenini kwake na kwangu pia. Alikuwa mjane, na mikono yake ilitetemeka hata kalamu hakuweza kuishika. Nilimwita Bibi, kama ambavyo ningemwita mtu wa umri wake nyumbani Njombe, naye akapenda.

Asubuhi moja alinionyesha barua kutoka kijijini kwao. Watu wa huko walikuwa wanatayarisha kijitabu cha kuwaongoza wageni, wakawaomba wazee waliohama waeleze mambo ya kale yanayofaa kutembelewa.

"Mimi nitasema, wewe utaandika," akaniambia.

Basi kila siku baada ya chai tulikaa mezani. Niliandika habari za daraja la mawe, kinu cha maji, kanisa lenye kengele iliyopasuka, na jiwe refu lililosimamishwa kilimani na watu wasiojulikana. Niliandika kwa adabu, lakini kusema kweli nilichoka. Kijiji kizima kilikuwa mawe matupu.

"Bibi, maji mlichota wapi?" nikamwuliza siku ya nne.

Alinishangaa. "Nani atoke mbali kuja kuangalia mahali pa kuchotea maji?"

"Mimi ningekuja."

Akacheka, kisha akaanza kusema bila kupumzika. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kisima. Wanawake walibeba ndoo mbili, huku wakitembea ndani ya duara la mbao lililozuia ndoo zisiwagonge miguu. Wakati wa baridi walivunja barafu kwa kisigino. Hapo ndipo zilipopatikana habari za nani kajifungua na nani kaposwa. Marehemu mume wake alimkuta hapo, akambebea ndoo mpaka mlangoni.

"Sisi tuliweka majani juu ya maji yasimwagike," nikamwambia.

"Majani!" Akapiga meza. "Mbona hatukulifikiria hilo?"

Nilijaza kurasa tatu za kisima peke yake, na maelekezo: utoke mlango wa nyuma wa kanisa, upige hatua arobaini kuteremka.

Majira ya kuchipua yalipofika, kijitabu kikaletwa na posta, pamoja na barua. Walihesabu zile hatua, wakafyeka miiba, wakakikuta kisima kikiwa na maji. Vijana wa pale hawakuwa wamewahi kukisikia. Bibi alinitaka nimsomee barua ile mara tatu, machozi yakimtoka huku anatabasamu.

Kisha akaisogeza karibu na macho picha ya kisima iliyokuwa ndani ya kijitabu.

"Wameweka benchi!" akasema. "Mama yangu angeshangaa. Nani alikuwa na nafasi ya kukaa?"