Siku Niliyomnyang'anya Mjane Godoro

Mpaka leo kuna watu hapa Doha hawalijui jina langu, wananiita Bwana Godoro, na nikisikia mtu anacheka nyuma yangu kwenye metro huwa sigeuki, maana najua alikuwepo ukumbini siku ile. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wengine watawaambia nililia (sikulia, ni masharubu yaliyokuwa yananiyeyuka).

Yote yalianza na Njeri, nesi kutoka Nakuru mwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu, aliyeamua kwamba ile riwaya nene ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria tuliyokuwa tunahangaika nayo tuigeuze mchezo wa kuigiza, kwa Kiswahili, Ijumaa, watu waje na familia zao. Mwenyewe akajipa nafasi ya mjane. Mimi, dereva wa hoteli mwenye sauti nzito, nikapewa wakala wa mwenye nyumba, yaani mtu mbaya, lakini mbaya mdogo, anatokea sura moja tu, anamfukuza mjane, anaondoka na kiti chake, na mwandishi hamkumbuki tena. Mistari mitatu.

"Ni mitatu tu, Shabani," Njeri akanionya, "usiniletee stori mob, maneno mengi sitaki."

Sasa mimi nilikuwa na langu. Zuhura, binti niliyekuwa nataka kumposa, alikuwa anakuja na shangazi yake, Bi Mwanaidi, mpishi wa shule ya chekechea huko Al Wakrah, ndiye aliyemlea, na asipokubali yeye hakuna posa. Hakuwa amewahi kuniona. Nikawaza, mama wa watu atoke Al Wakrah kote huko aje kunitazama nasema maneno matatu na kubeba kiti? Nikaamua kuongeza chumvi kidogo. (Kidogo!)

Ijumaa ikafika, nikaingia jukwaani na koti jeusi refu na masharubu ya pamba niliyoyapaka kiwi ya viatu, nikasema mistari yangu sawasawa, nikashika kiti, halafu badala ya kutoka nikakiacha na kuligeukia godoro alilokalia Njeri.

"Mjane gani analalia godoro nene namna hii? Lala sakafuni, mama, sakafu haina kodi!"

Ukumbi ukanyamaza kimya, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani huo ndio usanii wenyewe, nikasahau kwamba nusu ya watu waliokaa pale wanaishi vyumba vya kuchangia na wamewahi kuambiwa waondoe godoro lao. Njeri akaninong'oneza, "Toka, wewe, toka!" nami nikatoka kweli, godoro kichwani, tena si kwa nyuma ya pazia bali katikati ya watazamaji, ili shangazi anione vizuri.

Mimi mwenyewe sikuona kitu, godoro limenifunika macho. Nilisikia mkoba umenipiga mgongoni, chupa ya chai ikaanguka, mtoto akapiga kelele "Mrudishie!", kisha godoro likagoma. Nikavuta, nalo likavutwa, nikavuta tena kwa nguvu.

"Haliondoki hili!" sauti ya mwanamke ikanguruma. "Haliondoki, mshenzi we!"

Nikaangukia makalio. Mbele yangu alisimama mama mmoja mnene amelikumbatia godoro, ukumbi mzima unampigia vigelegele, na kwenye kiti cha pembeni yake Zuhura amejifunika uso kwa mtandio. Nikajua kumekucha.

"Shikamoo, shangazi," nikasema pale pale chini, kiwi inaniingia mdomoni.

Hakuitika. Mimi ni mtu wa Tanga, na katika maisha yangu sijawahi kunyimwa marahaba, nawaambieni kunauma kuliko ule mkoba. Akamrudishia Njeri godoro lake, akaketi.

Mchezo ulipokwisha Zuhura akanipeleka kwa shangazi yake, uso nimeshanawa. "Shangazi, ule ulikuwa mchezo tu," akasema.

"Najua ni mchezo, mimi si mtoto. Ya kitabuni nimemsamehe mwenye kitabu. Lakini huyu mama Mkenya kaniambia maneno ya sakafu hayamo. Hayo ni yako, baba. Umeyatoa wapi?"

Hapo mzaha wote ukaniisha. Nikamwambia kweli, kwamba niliambiwa mimi mwenyewe, kule mtaa wa Muaither, nilipofika Doha mwanzo na kazi ikachelewa kuanza, msimamizi wa nyumba akalitupa godoro langu nje na kusema maneno yale yale, na tangu hapo nayafanyia mzaha kwa sababu nisipoyacheka yananiuma.

Bi Mwanaidi akanisogezea kiti.

"Pole," akasema. "Basi posa yako ije na godoro, jipya, na ulibebe mwenyewe kichwani, watu wakuone unalileta kama walivyokuona unalichukua."

Ijumaa iliyofuata nikapita nalo Al Wakrah, jua linawaka, watu wananipiga picha, na Njeri nyuma yangu anatangaza, "Pisheni wakala!" Chini ya godoro lile niliapa kwamba nikipewa mistari mitatu tena nitasema mitatu, na kama inawezekana miwili. Nikapanda ngazi, nikaingia mpaka sebuleni kwake, jasho linanitoka, sioni mbele.

"Shikamoo, shangazi."

Kimya. Nikadhani ndiyo yale yale.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya geuka polepole, chupa ya chai iko nyuma yako."