Slaimu ya Unga wa Muhogo

Unga wa muhogo ukichemka hutoa harufu nzito, yenye uchachu kwa mbali, na harufu hiyo hung'ang'ania mapazia hadi kesho yake. Juni ile nyumba yetu ya Themi ilinukia hivyo kila siku. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka Mlima Meru alfajiri na kukaa juu ya migomba ya majirani hadi saa tano, baridi ikituuma masikio, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikuwa nimejikunyata barazani nimeficha mkono wa kulia ndani ya sweta. Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeingia jikoni mbio, nikajikwaa kwenye jiko la mkaa, na sufuria ya maji ya kuoga ikanimwagikia kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha. Kidonda kilipona. Ikabaki ngozi ngumu yenye kung'aa, iliyokuwa ikivivuta vidole vyangu ndani kidogo kidogo, kama mtu anayefunga ngumi bila haraka. Muuguzi alimwambia mama wazi: mtoto huyu akunje na kukunjua vidole kila siku, aminyeminye kitu laini, la sivyo mkono utajifunga moja kwa moja.

Mama, mzaliwa wa Tanga, mwanamke mfupi asiyejua kukaa bure, alinishonea mpira wa vitambaa. Nilikataa kuuminya. Uliuma, na kila ulipouma nilimwona mama akigeuza uso, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiinjika ile sufuria. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Nduruma kutusaidia kazi za nyumbani, na alikuwa na dawa yake mwenyewe: kufunika. Naamini alinipenda. Lakini wageni walipokuja alinitupia upande wa khanga juu ya mkono, na wakati wa kula aliniwekea sahani yangu pembeni, na kijiko, nile kwa kushoto wakati wenzangu wanakula pamoja kwenye sinia. "Afunikwe, azoee mapema," alimwambia mama, nami nasikia. "Mtoto wa kike na mkono kama huu, watu watasema nini?"

Aliyevunja utaratibu huo alikuwa Neema, binti wa jirani zetu Wachaga, rika langu. Siku moja alikuja na kopo dogo la plastiki alilonunuliwa mjini, ndani yake mna kitu cha kijani kilichokuwa kikivutika kama ute wa bamia.

"Ni slaimu," alisema. "Shika. Ila usinitie kwenye nywele, nimesukwa jana."

Hakuutazama mkono wangu hata kidogo. Wasiwasi wake wote ulikuwa kwenye nywele. Niliutoa mkono ndani ya sweta. Vidole vikazama kwenye ule ubaridi laini, nikaminya, ikapenya katikati ya vidole na kutoa mlio wa aibu, na sote wawili tukacheka mpaka tukaegemea ukuta. Nilipoinua macho nilimwona mama amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Alikwenda kufungua ndoo ya unga.

Kopo la Neema lilirudi kwao jioni, na mama hakuwa na haja nalo. Kwao Tanga alikuwa amepika bada tangu utotoni, ule ugali wa muhogo unaonata, naye alifikiri kwamba bada likizidishiwa maji litavutika. La kwanza lilikuwa madonge matupu. La pili lilikuwa gumu, akacheka mwenyewe, "Hili ni chakula, leteni mchuzi." Mara ya tatu alikoroga unga na maji baridi kwanza, akauweka kwenye moto mdogo, akakoroga bila kupumzika mpaka ule weupe ukageuka kuwa kama kioo chenye ukungu, kisha akatia mafuta kijiko kimoja na binzari kidogo. Ukapoa. Akaunyanyua kwa vidole viwili, ukashuka mpaka magotini bila kukatika.

Kesho yake barazani tulikuwa watoto sita. Mama alitufundisha kazi yote isipokuwa ya motoni: kupima kwa kikombe, kukoroga, kuchagua rangi, kukanda. Kisha tukashindana, atakayevuta uzi mrefu zaidi ndiye mshindi. Siku za mwanzo uzi wangu ulikatika kabla haujafika shubiri moja, na mara mbili ngozi ilipasuka, damu kidogo ikaingia kwenye ule unjano. Shangazi alipoiona alipandisha sauti.

"Mnamtesa mtoto! Tena kwa chakula! Chakula ni cha kuchezea, wifi?"

Mama aliendelea kuniosha mkono. "Wifi, unga huu nimenyima tumbo langu, si lako. Kulia atalia, na mimi nitalia naye. Lakini mkono huu utafunguka."

Tuliendelea. Mwezi mzima.

Sikukuu ilipofika tulikwenda Nduruma kwa shangazi, ukoo mzima. Pilau ikaletwa kwenye masinia, na mimi nikaletewa sahani yangu na kijiko changu, na khanga juu ya mkono. Sijui niliutoa wapi ujasiri. Niliitoa khanga, nikaikunja, nikamrudishia shangazi mapajani mwake. Nikanawa. Nikasogea kwenye sinia la wanawake, nikasema bismillahi, nikapeleka mkono wa kulia mbele ya macho yote. Kidole cha mwisho hakikunyooka, na hakijanyooka mpaka leo. Vile vinne vilikusanya tonge, vikalishika, vikalifikisha mdomoni. Punje tatu zilianguka. Mama alizitazama zile punje kana kwamba ni dhahabu. Shangazi akasogea kunipa nafasi. Hakuwahi kuniomba radhi, nami sikuketi kuisubiri.

Leo nafundisha chekechea katika mtaa wa Kwa Mrombo. Slaimu sasa zimejaa madukani, za kumetameta, za kunukia matunda, na mtoto anafungua kopo tu. Kila Ijumaa mimi nawasha jiko, tunakoroga muhogo. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba wamelipia kusoma, si kuchezea unga. Nawasikiliza, na Ijumaa inayofuata nawasha jiko tena. Wakati wangu watu walinong'ona kuhusu mkono huu wakidhani sisikii. Siku hizi wanauliza usoni, na hayo nayahesabu kuwa maendeleo. Mwezi uliopita mama mmoja, amevaa vizuri, amemleta mwanawe kuandikishwa, aliutazama mkono wangu muda mrefu.

"Samahani, mwalimu. Hauwatishi watoto?"

"Watoto waliuliza siku ya kwanza," nilimjibu. "Nikawaeleza, wakaomba kuugusa, tukaendelea na kazi. Wewe je?"

Nikaunyoosha. Alisita, kisha akaupokea kwa ncha za vidole, kwa woga, kama mtu anayeshika yai. Mimi nikaubana mkono wake sawasawa.